Rivolva ya Mfukoni: Rahisi Kuibeba, Ngumu Kuifyatua

Katika maduka ya silaha ya Marekani kuna ushauri mmoja uliozeeka bila kufa. Mteja asiyejua silaha akiingia, hasa akiwa mwanamke, na kusema anataka bastola ya kubeba kila siku, muuzaji huinama kabatini na kumtolea rivolva ndogo ya risasi tano, yenye mtutu mfupi na uzito usiofika nusu kilo. Humwambia haina mambo mengi. Haina magazini ya kuhangaika nayo, haina kitufe cha usalama cha kukumbuka. Unavuta kifyatulio, inalia. Yote hayo ni kweli. Asichoambiwa mteja ni kwamba, kati ya bastola zote zilizopangwa mle kabatini, hiyo aliyopewa ndiyo ngumu kuliko zote kupiga nayo shabaha. Wakufunzi wa nchi hiyo hawachoki kurudia kuwa rivolva ya mtutu mfupi ni silaha ya mtu aliyekwisha bobea, ila inauzwa kwa wanaoanza.

Ni rahisi kuibeba na ni ngumu kuitumia, na sababu ya mambo hayo mawili ni moja: uzito. Anayechagua rivolva ya kubeba chini ya nguo atasikia habari za kaliba, za nyundo, za vilengeo, za ngozi ya ala na aina ya mpini, na kila moja ina nafasi yake. Lakini nyingi ya habari hizo hurudi kwenye gramu. Wanunuzi wengi, kwa maoni yangu, hulijibu swali la gramu kinyume.

Silaha ya namna hii si ya jana. Mwaka 1887 Smith & Wesson walitoa rivolva ya mfukoni ambayo nyundo yake ilifichwa ndani ya mwili wa silaha isije ikanasa kwenye nguo. Huko Ufaransa, mwishoni mwa karne hiyo ya 19, ziliuzwa rivolva ndogo zilizoitwa Velo-Dog, zilizokusudiwa waendesha baiskeli wanaokimbizwa na mbwa. Sijui mwenye duka wa leo angelitangazaje hilo. Umbo tulijualo sasa lilikamilika mwaka 1927, Colt walipoingiza sokoni Detective Special: risasi sita za .38 Special, mtutu wa inchi mbili, yaani sentimita tano hivi. Jina lenyewe linataja mteja wake, mpelelezi asiyevaa sare. Mwaka 1950 Smith & Wesson wakajibu kwa rivolva ndogo zaidi, ya risasi tano, wakaionyesha kwenye mkutano wa wakuu wa polisi mjini Colorado Springs. Wakuu hao ndio waliopiga kura kuipa jina la Chiefs Special. Ukubwa wa mwili wake, ambao kiwanda huutambua kwa herufi J, ndio unaotengenezwa mpaka leo, na karibu kila rivolva ndogo ya kampuni nyingine hupimwa kwa huo.

Tarehe 24 Novemba 1963 Wamarekani waliiona rivolva ya namna hii ikifanya kazi mbele ya kamera za televisheni. Katika orofa ya chini ya makao ya polisi ya Dallas, Jack Ruby alijitokeza katikati ya waandishi wa habari akampiga Lee Harvey Oswald risasi moja ya tumbo. Silaha yake ilikuwa Colt Cobra ya .38, yaani Detective Special iliyopunguzwa uzito kwa kutengenezewa mwili wa alumini. Lile lilikuwa tendo la jinai, si kujilinda, lakini picha yake inaeleza kuliko kitabu cha kiwanda mazingira ya silaha hii: koti, umati, na umbali usiozidi urefu wa mkono.

Sasa gramu. Rivolva ya umbo la J iliyotengenezwa kwa chuma kitupu, kama ile Chiefs Special ya awali, ina uzito wa gramu 550 hivi bila risasi. Yenye mwili wa alumini, kama Model 642 ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa rivolva zinazonunuliwa sana Marekani, ina gramu 410 hivi. Ruger LCR, iliyotoka mwaka 2009 na kuwashtua wazee kwa kuwa sehemu ya mwili wake ni plastiki, ina gramu 380 hivi. Kisha kuna zile za mwili wa alumini iliyochanganywa na skandiamu na silinda ya titani, kama Model 340PD, ambayo inakaribia gramu 340 na inapokea hata .357 Magnum. Upande wa pili wa mizani kuna Kimber K6s, ya risasi sita, yenye gramu 650 hivi, na Ruger SP101 inayopita gramu 700.

Tofauti ya gramu 200 ni ndogo mkononi dukani. Kwenye uwanja wa shabaha ni kubwa mno. Risasi inayotoka kwa kasi ile ile huisukuma silaha nyuma kwa msukumo ule ule. Silaha ikiwa nyepesi, inarudi kwa kasi zaidi, na nguvu ya teke lake huongezeka kwa kadiri uzito unavyopungua. Ukifyatua .357 Magnum kwenye silaha ya gramu 340, kiganja hukatika ngozi, kidole cha kati hugongwa na mzingo wa kifyatulio, na baada ya risasi tano wengi huiweka chini na kutafuta sababu ya kuondoka. Nimewasikia watu wakijitetea kwamba siku ya hatari hutasikia maumivu. Huenda. Lakini siku ya mazoezi utayasikia, na atakayesikia maumivu kila akifanya mazoezi ataacha mazoezi. Basi silaha iliyonunuliwa kwa wepesi wake hukaa mfukoni kwa miaka ikiwa na risasi zile zile tano, na mwenyewe hajui zinakwenda wapi.

Hilo ni la teke tu. Kuna la pili ambalo wauzaji hawaligusi. Rivolva ya aina hii hufanya kazi mbili kwa mvuto mmoja: kidole kikivuta kifyatulio, silinda inazunguka, nyundo inainuliwa hadi mwisho, kisha inaachiwa. Kazi hiyo inadai nguvu ya kilo tano hivi, wakati mwingine zaidi. Pima basi: kidole kinavuta kwa kilo tano kitu chenye uzito wa gramu mia nne. Kinachoizuia silaha isipinduke kushoto au kulia ni mkono wako peke yake, kwa sababu yenyewe haina uzito wa kutulia. Na kwa kuwa umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni mfupi, kosa dogo la mkono ambalo kwenye bastola ndefu ungeliona na kulirekebisha, hapa hulioni. Risasi inakwenda pembeni na wewe unaapa ulilenga katikati.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayechagua unapingana na matangazo: chukua iliyo nzito kuliko zote unazoweza kuzibeba kila siku bila kuiacha nyumbani. Kwa anayebeba kiunoni, kwenye mkanda madhubuti, hakuna sababu ya kukimbilia alumini. Chuma cha gramu 550 au 650 hakisumbui kiuno. Kwa anayebeba mfukoni mwa suruali, gramu 400 hivi ndio ukomo wa wengi, na hapo Model 642, ndugu yake mweusi Model 442, na Ruger LCR hazina mpinzani wa maana. Chini ya hapo ni kununua wepesi kwa bei ya ustadi. Atakayesema anaihitaji ile ya gramu 340 kwa sababu kazi yake hairuhusu nguo nzito, namwelewa, aijaze .38 za kawaida, asijaze magnum.

Kaliba yenyewe, ukishakubali hoja ya uzito, haina mjadala mrefu. .38 Special ni risasi ya karne ya 19, iliyotungwa miaka ya mwisho ya 1890 kwa ajili ya rivolva kubwa za mitutu mirefu, na katika mtutu wa sentimita tano hupoteza sehemu ya kasi yake. .357 Magnum ingeirudisha kasi hiyo, lakini katika mtutu mfupi baruti nyingi huungulia nje: mwanga mkali, mlio wa kuziba masikio, na faida ndogo kuliko idadi iliyoandikwa kwenye boksi.

Linalofaa kujadiliwa ni aina ya risasi. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa, idara hiyo ilitunga vipimo vinavyotumiwa mpaka leo: risasi ipenye jelatini kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46 hivi, hata ikipitia nguo kwanza. Risasi yenye tundu kwenye ncha hutegemewa ipanuke ikiingia, isipite mpaka upande wa pili na kumpata mtu asiyehusika. Ili ipanuke inahitaji kasi, na kasi ndiyo haba hapa. Nyingi zikipita kwenye kitambaa kizito tundu huziba na risasi huenda kama haina tundu. Zipo zilizoundwa mahususi kwa mitutu mifupi, kama Speer Gold Dot ya greni 135, na hizo hufanya vizuri zaidi. Kuna pia ya zamani ambayo mabingwa wengi wa rivolva wameirudia: risasi ya madini ya risasi tupu ya greni 148, bapa kama sarafu kwa mbele, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoboa karatasi za mashindano. Haitarajii kupanuka, inapenya vya kutosha, na teke lake ni la upole kiasi kwamba mtu anaweza kufyatua hamsini kwenye silaha ya alumini na kutaka nyingine. Ubaya wake ni kwamba, kwa kuwa ni bapa, haiteremki kirahisi kwenye matundu ya silinda mtu akijaza kwa haraka. Suluhisho la wengi ni kuweka hizo ndani ya silinda na za ncha ya mviringo kwenye akiba.

Kwa mikono dhaifu au iliyozeeka, .32 imerudi kwa heshima. .32 H&R Magnum ilizaliwa mwaka 1984 na ikapuuzwa na wengi. Ni nyembamba, kwa hiyo silinda ya umbo la J inabeba sita badala ya tano, na teke lake linavumilika. Mwaka 2024 Smith & Wesson, kwa kushirikiana na wasambazaji wa Lipsey's wa Louisiana, walitoa rivolva za jina la Ultimate Carry, zikiwemo za .32, zenye mpini bora na vilengeo vinavyoonekana kweli. Ilikuwa kama kiwanda kukiri kwamba kwa miongo saba kilikuwa kinauza silaha nzuri yenye vilengeo vibaya. Tatizo la .32 ni duka: mji mdogo unaweza usiwe nayo hata boksi moja, na bei yake ni juu ya .38.

Kuhusu nyundo nitasema machache. Rivolva yenye nyundo ya nje hunasa kwenye bitana la mfuko, na inampa mwenyewe kishawishi cha kuitega kwa dole gumba, jambo ambalo chini ya hofu na mikono inayotetemeka huacha kifyatulio chepesi mno. Iliyofungwa nyundo ndani haina hayo, na ina sifa ambayo bastola ya magazini haina: inaweza kufyatuliwa ikiwa ndani ya mfuko wa koti, mara zote tano, bila kitu kinachorudi nyuma kikakwama kwenye kitambaa. Kwa kubeba, chagua isiyo na nyundo ya nje.

Sasa kuivisha. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu vitu vya kununua ni vingi na vinavyofaa ni vichache.

Cha kwanza ni mpini. Mipini ya mbao iliyotoka na rivolva za zamani ni vibao viwili vyembamba vinavyoacha pengo nyuma ya mzingo wa kifyatulio. Kila risasi ikitoka, pengo hilo hugonga kifundo cha kidole cha kati. Wamarekani walilitambua zamani, ndiyo maana kuna kipande kidogo cha metali kiitwacho Tyler T-Grip ambacho kazi yake ni kuziba pengo hilo tu. Mpini mzuri huziba pengo, hujaza kiganja, na haumalizi faida ya udogo kwa kurefuka chini. Mipini laini ya mpira, inayofunika chuma cha nyuma, hupunguza maumivu sana, lakini huongeza unene na kusogeza kidole mbali na kifyatulio. Mwenye vidole vifupi aijaribu kabla ya kulipa. Tena mpira hushikana na kitambaa. Anayebeba mfukoni atakuta silaha inatoka imevuta bitana lote, au haitoki. Kwa mfukoni ninapendelea mpini mgumu, laini juu, mfupi, wa mtindo aliousanifu Craig Spegel na ambao viwanda vimeuiga kwa miaka. Kwa kiunoni mpira hauna neno.

Vilengeo ni vya pili. Rivolva nyingi za umbo la J zina mfereji tu uliochongwa juu ya mwili na kipande cha chuma mbele, vyote rangi moja. Kwenye mwanga hafifu hakuna kinachoonekana. Tiba ya bei rahisi ni rangi ya kucha ya machungwa au nyekundu yenye kung'aa, ipakwe kwenye kilengeo cha mbele juu ya tabaka jeupe. Mpini wenye leza, kama wa Crimson Trace, una manufaa mawili: humsaidia asiyeona vizuri karibu, na wakati wa mazoezi bila risasi humwonyesha mtu jinsi nukta nyekundu inavyoruka kila akivuta kifyatulio. Hilo la pili linafundisha kuliko mkufunzi mwenye maneno mengi. Leza isimfanye mtu aache kujifunza vilengeo, kwa kuwa betri hufa.

Springi usiziguse. Zinauzwa kwa bei ndogo, na video za kuonyesha jinsi ya kuzibadilisha ni nyingi. Springi laini ya nyundo hufanya kifyatulio kiwe chepesi, na hufanya nyundo igonge fataki kwa nguvu pungufu. Siku moja fataki ngumu kidogo haitawaka. Mtu aliyenunua rivolva kwa sababu ya kuaminika kwake, kisha akaiondolea kuaminika huko ili apunguze nusu kilo ya mvuto, amejipinga mwenyewe. Kifyatulio kinalainika kwa kuvutwa. Kivute mara maelfu kadhaa ukiwa na risasi bandia ndani ya silinda, katika chumba kisicho na risasi halisi, na chuma kitajisugua chenyewe huku kidole kikipata nguvu.

Ala ndiyo inayotenganisha kubeba silaha na kutembea na hatari. Ala ya mfukoni ina kazi nne: ifunike kifyatulio kabisa, iiweke silaha wima mpini ukiwa juu, ifiche umbo lisionekane kwa nje, na ibaki mfukoni silaha inapotolewa. Ikishindwa mojawapo itupwe. Katika mfuko huo kisiwemo kitu kingine chochote, si funguo, si sarafu, si simu. Habari za watu waliojipiga mguuni kwa sababu kitu kidogo kiliingia kwenye mzingo wa kifyatulio si ngano. Mkoba wa kike wa kawaida ni mahali pabaya zaidi: una kila kitu, huibiwa kwanza, na huwekwa chini mahali mtoto anapofika. Wanawake wanaobeba wamepata suluhisho bora kwenye mikanda ya kiunoni yenye ala ngumu. Mfuko una kasoro yake pia: ukiwa umekaa kwenye gari umefunga mkanda, kuitoa silaha mfukoni ni kazi ya dakika, si ya sekunde. Na mfukoni kuna vumbi la nguo na jasho. Hata chuma kiitwacho kisichoshika kutu hushika, na nyuzi hujipenyeza kwenye kila tundu, kwa hiyo silaha ya mfukoni hupanguswa kila wiki hata kama haikufyatuliwa.

Risasi za akiba watu wengi hawazibebi. Anayezibeba huchagua kati ya kifaa cha mviringo kinachoshika tano kwa pamoja, ambacho ni cha haraka lakini kinene, na ukanda bapa wa mpira unaolala mfukoni lakini hujaza mbili mbili. Kwa mfukoni ukanda unatosha. Muhimu ni kujua kwamba kijiti cha kutolea maganda kwenye rivolva fupi nacho ni kifupi. Hakiyasukumi maganda mpaka nje. Elekeza mtutu juu, gonga kijiti kwa kiganja mara moja kwa nguvu, yaanguke yenyewe. Ukikisukuma polepole mtutu ukiwa chini, ganda moja litateleza chini ya nyota ya silinda, kile kipande kinachoyasukuma maganda, na hapo utahitaji kucha, muda na utulivu ambao hutakuwa nao.

Hapo tumegusa ile imani kwamba rivolva haikwami. Inakwama mara chache, ni kweli, na risasi isipowaka unavuta tena na nyingine inakuja. Lakini mabaki ya baruti chini ya nyota yanaweza kuifunga silinda, fataki iliyokaa juu kidogo inaweza kuifunga pia, na kwenye zile nyepesi mno teke huweza kuing'oa risasi kutoka kwenye ganda lake mpaka ikachomoza mbele na kuzuia mzunguko. Bastola ya magazini ikikwama, mtu aliyefunzwa huikwamua kwa mikono. Rivolva ikikwama hasa, huhitaji meza na bisibisi.

Na hapo linakuja swali zito: kwa nini rivolva kabisa? Mwaka 2018 SIG Sauer walitoa P365, bastola ya magazini yenye risasi kumi za milimita 9, gramu 500 hivi, nyembamba kuliko silinda ya rivolva yoyote ya .38. Tangu hapo hoja ya udogo imekufa. Kwa mtu mwenye mikono mizima, anayefanya mazoezi na anayebeba kiunoni, P365 na wenzake ni chaguo bora, na sioni haya kulisema katika makala ya rivolva. Kinachobaki upande wa rivolva ni hiki: hujazwa na kukaguliwa kwa macho, haidai nguvu ya kuvuta sehemu ya juu nyuma, umbo lake la mviringo hutoka mfukoni kirahisi, haijali mshiko dhaifu, na ikigandamizwa kwenye mwili wa anayekukaba bado inafyatuka, wakati bastola nyingi za magazini zikigandamizwa hivyo hazilii. Mvuto wake mrefu na mzito, unaoharibu shabaha, ndio pia unaompa mtu aliyepagawa nafasi ya kughairi.

Sheria ya kubeba imebadilika haraka. Florida ilifungua mlango mwaka 1987 kwa kutoa vibali kwa kila aliyetimiza masharti. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bruen, iliangusha sharti la New York la kumtaka mwombaji athibitishe haja ya pekee, na kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa hayadai kibali chochote kwa mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki silaha. Lakini kibali cha jimbo moja si lazima kiheshimiwe na jirani. Mwaka 2013 mama mmoja wa Pennsylvania mwenye kibali halali alisimamishwa na polisi wa trafiki New Jersey, akamwambia ofisa kwa uaminifu kwamba ana bastola, akakamatwa. Aliokolewa baadaye kwa msamaha wa gavana.

Kwa Waswahili wanaoishi huko hili lina uzito wa ziada. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki. Mwenye viza ya masomo, ya kazi ya muda au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika uwanjani, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Kosa la silaha kwa asiye raia laweza kuishia kwenye kurudishwa nchi alikotoka. Asiye na hakika amuulize mwanasheria wa uhamiaji, asimuulize muuzaji. Wala asidhani ataondoka nayo kwenda Mombasa au Dar es Salaam: Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania, chini ya sheria yake ya mwaka 2015, zinaichukulia bastola kuwa kitu cha leseni anachopewa mtu baada ya kuchunguzwa, si haki ya kuzaliwa nayo.

Na je, inasaidia? Hesabu za Marekani zenyewe hazikubaliani. Uchunguzi wa serikali kuhusu waathirika wa uhalifu hutoa makumi ya maelfu ya matukio ya kujilinda kwa silaha kwa mwaka. Utafiti wa Kleck na Gertz wa mwaka 1995 ulifika hadi milioni 2.5. Tofauti ya namna hiyo hairuhusu mtu kujivuna upande wowote. Hesabu isiyo na ubishi ni nyingine. Mwaka 2023 zaidi ya watu 46,000 walikufa kwa silaha za moto nchini humo, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Silaha ya kubebwa kila siku ni silaha inayorudi nyumbani kila jioni ikiwa na risasi. Kwa hiyo kifaa cha lazima kuliko leza na mpini ni kasha dogo la chuma lenye kufuli, lililofungwa mahali pasipohamishika, na desturi ya kuiweka humo kila inapotoka mwilini. Nyumba yenye mtu anayepitia huzuni nzito, au kijana aliye katika msukosuko, isiwe na silaha hiyo kwa kipindi hicho. Ndugu au mtu mwingine anayeruhusiwa kisheria aihifadhi.

Anayekusudia kununua asianzie dukani. Viwanja vingi vya shabaha Marekani hukodisha silaha kwa saa. Kodisha ya alumini na ya chuma, nunua boksi moja la .38 za kawaida, weka karatasi umbali wa mita saba, fyatua ishirini na tano kwa kila moja, kisha hesabu matundu. Ukishindwa kumaliza ishirini na tano za ile nyepesi, au matundu yakatapakaa nje ya ukubwa wa sahani, nunua ile nzito na ubadilishe suruali. Ukishindwa zote mbili, lipia mafunzo kwanza, silaha baadaye.